Nani Anaweza Kuiuliza Bodi? Historia ya Utawala wa Vyama vya Michezo Tanzania kwa Mtazamo wa Kibaoni, Katavi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya utawala wa vyama vya michezo nchini Tanzania, hususan mpira wa miguu, kuanzia kipindi cha ukoloni hadi uchaguzi wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) wa mwaka 2021. Badala ya kuitazama historia hiyo kutokea Dar es Salaam, kama ilivyozoeleka, makala yanaitazama kutokea Kibaoni, kata iliyomo katika Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, mkoani Katavi. Data zimetokana na uchambuzi wa sheria, kanuni, mabadiliko ya katiba za vyama na matukio ya kiutawala yanayofahamika hadharani. Uchambuzi umeongozwa na hoja za Albert Hirschman kuhusu namna wanachama wanavyoitikia kudorora kwa taasisi zao. Makala yanadai kwamba mageuzi yote makubwa, yaani ya mwaka 1967, ya mwaka 2004 na ya mwaka 2017, yalibadili chombo ambacho bodi inawajibika kwacho upande wa juu, lakini hayakufupisha umbali uliopo kati ya bodi hiyo na klabu ya kijijini.

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu utawala bora katika michezo huanza mara nyingi na orodha ya sifa: uwazi, uwajibikaji, ushirikishwaji, ukomo wa madaraka na kuepuka mgongano wa masilahi. Sifa hizo zimo katika misingi ya utawala bora ambayo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliieneza tangu mwaka 2008, na zimo pia katika mageuzi ambayo FIFA iliyapitisha Februari 2016, yakiwamo ya kuweka ukomo wa miaka 12 kwa rais wake na wajumbe wa Baraza lake. Orodha hiyo ina manufaa, lakini ina upungufu mmoja kwa mwanahistoria: inaeleza bodi inapaswa kuwaje, haielezi bodi imekuwa ya nani. Chama kinaweza kuwa na katiba nzuri, kamati ya maadili na hesabu zilizokaguliwa, na bado wanachama wake wa chini wasiwe na njia ya kuuliza swali likajibiwa.

Makala haya yanauliza swali hilo kutokea mahali mahususi. Kibaoni ipo katika nchi ya Wapimbwe, kwenye njia inayokwenda Sitalike na Mpanda kupitia Hifadhi ya Taifa ya Katavi kwa upande mmoja, na Kizi hadi Sumbawanga kwa upande mwingine. Wengi nje ya mkoa wanaifahamu kama nyumbani kwa Mizengo Pinda, Waziri Mkuu wa Tanzania kati ya mwaka 2008 na 2015. Haina klabu ya Ligi Kuu, na haitajwi katika vitabu vya historia ya soka. Kwa sababu hiyo hasa inafaa kwa uchunguzi huu. Iwapo mfumo wa utawala unafanya kazi, basi unapaswa kufanya kazi hata pale ambapo hakuna kamera wala mapato ya milangoni.

2.0 Kiunzi cha Nadharia

Mwaka 1970 Albert Hirschman alidai kwamba mwanachama asiyeridhika na taasisi yake ana njia mbili kuu: kuondoka au kupaza sauti, na kwamba uaminifu ndio unaoamua atumie ipi na kwa muda gani. Pale ambapo kuondoka ni rahisi, sauti hufifia. Pale ambapo kuondoka hakuwezekani na sauti haisikiki, taasisi huendelea kudorora bila kupata ishara yoyote ya hatari.

Nadharia hii imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya klabu za Tanzania imejaa matukio ya kuondoka, na matukio hayo yamesimuliwa zaidi kama ugomvi wa watu binafsi kuliko kama dalili za kiutawala. Pili, nadharia inamwezesha mtafiti kutambua kuondoka kwa kimya, yaani kule kusikoacha barua ya kujiuzulu wala kesi mahakamani. Kama itakavyoonekana katika sehemu ya 6.0, hiyo ndiyo aina inayohusu zaidi vijiji.

3.0 Urithi wa Kikoloni: Klabu kama Mali ya Wanachama

Chama cha mpira cha Tanganyika kiliundwa mwaka 1930. Timu ya Tanganyika iliingia katika mashindano ya Kombe la Gossage, yaliyoanzishwa na Kenya na Uganda mwaka 1926, ilipofika mwaka 1945. Uongozi wa vyama vya kipindi hicho uliegemea maofisa wa serikali, wamisionari na walimu, na ulijibu kwa wakuu wa utawala zaidi ya wachezaji.

Klabu za Waafrika zilikuwa na msingi tofauti. Young Africans ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935, na mwaka uliofuata kikazaliwa kikundi kilichopitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Simulizi zinazokubalika kwa wingi zinakitaja kikundi hicho cha pili kuwa kilitokana na mfarakano ndani ya kile cha kwanza. Klabu hizi zilikuwa za wanachama: mtu alilipa ada, alipata kadi, alihudhuria mkutano na alipiga kura. Aliyeshindwa katika mkutano aliweza kuondoka na wenzake na kuanzisha klabu nyingine mtaa wa pili. Kwa maneno ya Hirschman, sauti na kuondoka vilikuwa karibu sana, kwani wanachama wote waliishi umbali wa kutembea kwa miguu hadi kwenye jengo la klabu.

Mpanda ilikuwa na hali nyingine. Wilaya hiyo, wakati huo ikiwa sehemu ya Jimbo la Magharibi, ilifunguliwa na machimbo ya madini ya risasi na tawi la reli lililotoka Kaliua mwishoni mwa miaka ya 1940. Vijiji vya Mpimbwe vilikuwa mbali na machimbo hayo na mbali zaidi na Tabora, makao makuu ya jimbo. Hapakuwa na jengo la klabu la kutembea hadi mlangoni. Umbali huu wa kijiografia ulitangulia umbali wa kikatiba unaojadiliwa hapa chini, na mageuzi yaliyofuata yaliurithi bila kuushughulikia.

4.0 Mwaka 1967: Dola Inakuwa Msimamizi

Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa, Namba 12 ya mwaka 1967, ilitungwa katika mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Iliunda Baraza la Michezo la Taifa (BMT) na kulipa jukumu la kuendeleza, kukuza na kusimamia michezo ya ridhaa kitaifa kwa kushirikiana na vyama vya hiari. Marekebisho yalifuata mwaka 1971. Dhana iliyojengwa ni kwamba chama cha michezo ni cha wanachama, lakini uhalali wake unathibitishwa na dola. Kanuni Namba 442 za mwaka 1999 ziliendeleza dhana hiyo kwa kuimarisha nafasi ya Msajili wa vyama na klabu za michezo, ambaye maombi humfikia kupitia ofisi za michezo za wilaya na mikoa.

Haitoshi kuliona jambo hili kama udhibiti mtupu. Katika nchi iliyokuwa na walimu wachache wa michezo na viwanja vichache, dola ndiyo iliyokuwa na watu hadi wilayani. Aidha, mashirika ya umma yaliendesha timu zilizotoa mabingwa na wachezaji wa taifa nje ya Dar es Salaam. Pamba ya Mwanza na Reli ya Morogoro ni mifano. Timu ya taifa iliyocheza Fainali za Mataifa ya Afrika mjini Lagos mwaka 1980, chini ya nahodha Leodegar Tenga, ilikuwa zao la kipindi hicho, na taifa lilisubiri hadi mwaka 2019 kurejea katika fainali hizo.

Gharama yake ilikuwa katika mwelekeo wa uwajibikaji. Kiongozi wa timu ya shirika alijibu kwa meneja mkuu wa shirika. Chama cha mkoa kilitegemea ofisi ya mkoa kwa usafiri na ukumbi. Baada ya mfumo wa madaraka mikoani kuanza mwaka 1972 na serikali za mitaa kufutwa, hata ngazi ya wilaya iliangalia juu. Pale ambapo wanachama walikuwa na klabu yao wenyewe, kuondoka kuliendelea: mgogoro wa Young Africans katikati ya miaka ya 1970 ulizaa Pan African, ambayo baadaye ilitwaa ubingwa wa taifa. Mpimbwe hapakuwa na njia hiyo. Klabu iliyojitenga na chama pekee cha wilaya haikuwa na chama kingine cha kwenda.

Mipaka ya utawala nayo ilihama. Mpanda ilikuwa Mkoa wa Tabora hadi mwaka 1974, ulipoundwa Mkoa wa Rukwa wenye makao makuu Sumbawanga. Machi 2012 Rukwa iligawanywa, ukazaliwa Mkoa wa Katavi wenye makao makuu Mpanda. Kwa hiyo, ndani ya miaka 38, klabu ya Kibaoni ilipaswa kuelekeza malalamiko yake Tabora, kisha Sumbawanga, kisha Mpanda, ilhali yenyewe haikuhama hatua moja. Ndani ya mkoa mpya, Wilaya ya Mlele ina halmashauri mbili, Mlele na Mpimbwe, hali inayoongeza maswali kuhusu ofisi ipi ya michezo inahusika na nani.

5.0 Mwaka 2004 na Baada Yake: Mwangalizi Mpya

Migogoro ya muda mrefu ndani ya Chama cha Mpira wa Miguu Tanzania (FAT) ilihitimishwa na mageuzi ya mwaka 2004. FAT ikawa TFF, na Desemba mwaka huo Tenga akachaguliwa kuwa rais. Katika miaka iliyofuata, ofisi ya Katibu Mkuu ikawa ya kuajiriwa badala ya kuchaguliwa, na kamati za uchaguzi, rufaa na nidhamu zikapewa nafasi iliyo wazi zaidi katika katiba. Wadhamini walirejea. Kwa vigezo vya uendeshaji, kipindi hiki kilikuwa hatua kubwa, na si jambo la kushangaza kwamba Tenga baadaye aliteuliwa kuiongoza BMT yenyewe.

Hata hivyo, mageuzi hayo yaliweka waangalizi wawili juu ya bodi moja. Mwanzoni mwa mwaka 2013 wizara yenye dhamana ya michezo ilikataa kutambua marekebisho ya katiba ya TFF yaliyofanywa mwaka 2012, na FIFA ikaonya dhidi ya serikali kuingilia shirikisho. Uchaguzi uliokuwa upangwe Februari ulifanyika Oktoba 2013. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito: wizara ilihoji utaratibu uliotumika kubadili katiba, na FIFA ilitetea uhuru wa chama. Lakini wahusika wakuu wa mjadala walikuwa Dar es Salaam na Zurich. Wajumbe wa mikoa waliitwa baadaye, kuridhia kilichokwisha kujadiliwa.

Tukio la mwaka 2017 linaonesha jambo hilohilo kwa sura nyingine. Juni mwaka huo, Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa iliwafikisha mahakamani rais na katibu mkuu wa shirikisho wakiwa bado madarakani, na Agosti mkutano mkuu wa Dodoma ukamchagua Wallace Karia. Mahakama ndiyo yenye mamlaka ya kuamua mashtaka, na makala haya hayahusiki na hatima yake. Kinachohusika ni kwamba maswali kuhusu fedha za shirikisho yaliulizwa kwanza na chombo cha dola, si na mkutano mkuu, ingawa katiba iliupa mkutano huo mamlaka ya kupokea na kuhoji taarifa za fedha kila mwaka.

Kenya inatoa ulinganisho unaofaa. Novemba 2021 serikali iliiondoa kamati ya shirikisho la mpira na kuweka ya muda. Februari 2022 FIFA ikaifungia nchi hiyo hadi Novemba. Sheria ya Michezo ya Kenya ya mwaka 2013 ilikuwa imekwisha kuunda baraza la kusuluhisha migogoro ya michezo, na bado mgogoro uliamuliwa kwa nguvu za waangalizi wa juu. Funzo ni kwamba chombo cha malalamiko peke yake hakitoshi ikiwa wanachama hawana uzito ndani ya chama.

6.0 Ngazi Nne na Kuondoka kwa Kimya

Mfumo wa mpira wa miguu umepangwa kwa ngazi. Klabu iliyosajiliwa ni mwanachama wa chama cha wilaya. Chama cha wilaya ni mwanachama wa chama cha mkoa. Chama cha mkoa ni mwanachama wa TFF, sambamba na klabu za Ligi Kuu na vyama vya waamuzi, makocha, wanawake, madaktari na wachezaji. Mkutano mkuu ndio huichagua kamati ya utendaji. Kwa hiyo klabu ya Kibaoni haimpigii kura mtu yeyote anayekaa katika bodi ya taifa. Inampigia kura kiongozi wa wilaya, ambaye anampigia kura kiongozi wa mkoa, ambaye ndiye anayepiga kura katika mkutano mkuu.

Uwakilishi wa kanda ulikusudiwa kupunguza umbali huo. Katika uchaguzi wa mwaka 2013, Rukwa na Katavi zilihesabiwa kuwa kanda moja yenye mjumbe mmoja katika kamati ya utendaji. Kuundwa kwa mkoa mpya kuliongeza wajumbe wa mkutano mkuu, lakini hakukuongeza kiti katika kamati, na marekebisho yaliyofuata yalipunguza idadi ya kanda. Kuipunguza kamati kubwa ni ushauri wa kawaida wa wataalamu wa utawala, kwani bodi ndogo huamua haraka. Lakini kila kiti kinachopunguzwa kwa jina la ufanisi hurefusha njia ya mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni pembezoni.

Sharti la udhamini wa wagombea limeongeza ugumu. Katika uchaguzi uliofanyika Tanga mwaka 2021, aliyetaka urais alihitaji kuungwa mkono na wanachama watano wa mkutano mkuu, na nafasi hiyo ikabaki na mgombea mmoja. Sharti la aina hiyo lina sababu yake, nayo ni kuzuia wagombea wasio na wafuasi. Hata hivyo, pale ambapo wenye uwezo wa kudhamini ni viongozi wa mikoa wanaotegemea shirikisho kwa ruzuku, vifaa na mafunzo, sharti huweza kumlinda aliyepo zaidi ya kumchuja asiyefaa. Mpiga kura wa Katavi hakupewa nafasi ya kuchagua. Alipewa nafasi ya kuridhia.

Katika mazingira hayo, klabu ya kijijini ina gharama za usajili, ada ya uanachama na safari za kwenda mikutanoni, na faida yake ni ndogo. Upande wa pili kuna mashindano ya ndondo: diwani, mbunge au mfanyabiashara anatoa jezi, mipira na zawadi ya mbuzi au ng'ombe, timu zinakusanyika, kijiji kinajaa uwanjani, bingwa anapatikana ndani ya wiki chache. Hakuna katiba, hakuna mkutano mkuu, hakuna hesabu za kuwasilisha. Mwaka ambao mfadhili hana haja ya kuonekana, mashindano hayachezwi.

Makala haya yanadai kwamba ndondo, pamoja na furaha yake yote, ni aina ya kuondoka. Timu haijafukuzwa na haijagombana na mtu. Imeacha tu kulipa ada na kuhudhuria mikutano. Kwa sababu hakuna kelele, bodi haipati ishara. Kinyume chake, chama cha wilaya chenye wanachama hai wachache ni rahisi zaidi kukiongoza, kwa kuwa wapiga kura wachache wanafahamika kwa majina. Kuondoka kwa wengi kunaimarisha nafasi ya wachache waliobaki.

7.0 Mwaka 2017 na Suala la Umiliki

Desemba 2017 wanachama wa Simba waliridhia mfumo wa uwekezaji wa Mohammed Dewji. Serikali ilikwisha kuelekeza kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 katika klabu za aina hiyo. Young Africans nayo ilibadili katiba yake mwaka 2021. Mijadala ya kitaaluma imejikita katika thamani ya hisa na muundo wa bodi za wakurugenzi.

Kwa mtazamo wa makala haya, jambo la kuzingatia ni lile sharti la asilimia 51. Kwa mara ya kwanza dola iliweka katika takwimu kanuni kwamba wanachama wasizidiwe nguvu katika klabu yao wenyewe. Hakuna kanuni inayolingana nayo kwa vyama vya wilaya na mikoa, ambako wanachama hawazidiwi na hisa bali na umbali, gharama na mazoea. Ulinzi umewekwa penye fedha nyingi, na haujafika penye wanachama wengi.

8.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonesha mabadiliko ya kweli: kutoka chama kilichojibu kwa utawala wa kikoloni, hadi kilichojibu kwa dola, hadi kinachojibu kwa FIFA, wadhamini na wawekezaji kwa pamoja. Kila hatua ilileta utaratibu bora zaidi wa kuendesha ofisi. Hakuna hatua iliyoanza kwa kuuliza klabu ya kijijini inawezaje kuifikia bodi.

Matokeo haya yana maana tatu kwa sera. Kwanza, taarifa ya mwaka ya shirikisho na ya chama cha mkoa, pamoja na hesabu zake, ipelekwe hadi ofisi ya michezo ya halmashauri na kusomwa mbele ya klabu kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwani asiye na taarifa hana swali la kuuliza. Pili, idadi ya klabu hai katika kila wilaya ichapishwe na ihesabiwe kuwa kipimo cha utendaji wa uongozi. Hapo kuondoka kwa kimya kutaonekana. Tatu, mashindano ya ndondo yafanywe mlango wa kuingilia chamani, kwa bingwa wa kata kusamehewa ada ya usajili ya mwaka wa kwanza, badala ya kuachwa yawe mbadala wa chama.

Tafiti zijazo zinaweza kukusanya daftari za mikutano ya vyama vya wilaya katika Rukwa na Katavi, pale zilipohifadhiwa, na simulizi za waamuzi na makatibu wa zamani kabla hazijapotea. Ni katika kumbukumbu hizo ndipo itakapojulikana lini hasa klabu za Mpimbwe ziliacha kuhudhuria mikutano ya wilaya, na iwapo kuna kiongozi yeyote aliyeuliza kwa nini.